Unga Mweupe Juu ya Kaniki

Juzi binti wa jirani yangu alinionyesha droni yake, ile anayoirusha juu ya mashamba ya mpunga ya Rujewa kutafuta majaruba yaliyokosa maji. Aliiweka kiganjani mwangu, nyepesi kama kifaranga, akanieleza kuwa hujipimia yenyewe upepo, kimo na joto la betri. Nilimwuliza jambo moja tu: mabawa yake yalitengenezwa lini, na kwa kitu kilichokaa ghalani muda gani. Alicheka kwa adabu, akasema, "Babu, hiyo hawaandiki."

Basi, vijana mnaofanya kazi hii ya droni, nawaandikieni kuhusu lile ambalo hawaandiki. Nami nitaandika kwa utaratibu wangu wa kizee, nikitangulia mbele na kurudi nyuma, kwa kuwa kumbukumbu haipangi foleni.

Katika miaka ya sabini nilikuwa mpokeaji wa mbao katika karakana moja ya useremala na uhunzi mjini Iringa. Tulitengeneza madawati, milango, majeneza na mipini ya majembe. Nilikuwa nimetoka seminari bila upadri, lakini na Kilatini cha kutosha kumchosha mtu yeyote. Wenzangu wakanibandika jina la Padri, nami sikulikataa. Kazi yangu ilikuwa kujua kila mti ulioingia umetoka wapi, umekatwa lini na umekaushwa vipi, kisha kumweleza fundi mkuu, Mzee Kihwele. Yeye hakuwa msomaji. Alisikiliza maelezo yangu, akauinamia ule mti, akaugonga kwa kifundo cha kidole cha kati cha mkono wa kulia, mara tatu, akiwa amefumba macho. Kisha akasema "Ndiyo" au "Hapana." Katika miaka niliyofanya kazi naye, kifundo kile hakikupata kukosea nilipomwambia kweli.

Kapteni Mwaisaka, Mnyakyusa wa Mbeya, alitujia asubuhi moja ya kiangazi akiwa amekumbatia injini ndogo iliyoviringishwa katika blanketi la jeshi kama kichanga.

"Mzee, nataka ndege," alisema.

"Afande, hapa tunatengeneza madawati."

"Basi nitengenezee dawati linaloruka."

Akaeleza. Alikuwa na vijana wanaojifunza kupiga mizinga ya kutungulia ndege, na shabaha waliyokuwa nayo ilikuwa tiara na maputo. Kitu kinachoning'inia mahali pamoja, alisema, hakimfundishi mtu kupiga kinachokimbia. Alitaka ndege ya shabaha, isiyo na mtu ndani, yenye urefu wa watu wawili waliolala wakifuatana, itakayoongozwa kwa kisanduku cha redio kutoka chini. Injini na redio alikuwa navyo. Kiunzi hakuwa nacho, na kukiagiza ng'ambo kungechukua muda ambao hakuwa nao.

"Wakiipiga?" aliuliza Mzee Kihwele.

"Ndiyo kazi yake, Mzee. Ipigwe, ianguke, tuilete nyingine."

 Mzee alikuwa amejenga milango ambayo wajukuu wa wenye nyumba wangeifungua. Akasema, "Basi itabidi iwe nzuri kuliko mlango. Mlango ukikosewa, fundi hurudi kuurekebisha. Hii haitaningoja."

Msidhani kwamba wanajeshi na mafundi walielewana upesi. Wao walizoea amri, sisi tulizoea kuuliza sababu. Kapteni alipanga ndege ya kwanza irushwe Ijumaa saa nne. Alhamisi Mzee akamwambia haijawa tayari, gundi bado mbichi. Kapteni akapandisha sauti: amri imetoka juu.

"Nakuheshimu, Afande," alijibu Mzee, huku akiendelea kukaza kamba za kibanio, "ila gundi haijui cheo."

Askari waliokuwa nyuma ya Kapteni walitazama dari wasije wakacheka. Ndege iliruka Jumatatu. Tangu siku hiyo Kapteni hakuweka tarehe kabla ya kuuliza, "Gundi inasemaje?" Nasi kwa upande wetu tulijifunza kutoka kwao kitu ambacho seremala hakipendi: kuandika kila hatua kabla ya kuitekeleza, na kuwa na mtu wa pili wa kuikagua. Laiti kanuni hiyo ingefika hadi kwenye kazi yangu ya kupokea miti. Haikufika, kwa sababu niliaminiwa.

Nguo ya kufunika mabawa tuliinunua Mwanjelwa, Mbeya, kwa fundi cherehani aliyekuwa na kitambaa chepesi cha bitana. Nilipomtajia vipimo alishusha miwani. "Huyo bwana ana mikono mirefu hivi? Ni binadamu kweli?" Nilimwambia ni siri ya serikali. Akanijibu kwamba hata serikali hupimwa mabega kwanza.

Kitambaa hicho tulikikaza kwa uji wa muhogo, kisha tukakipaka vanishi. Mwanzoni vanishi tuliipaka juu tu, tukaacha tumbo la bawa likiwa na uji mtupu ili kupunguza uzito. Mahali pa kurushia palikuwa tambarare ya Usangu, mbali kidogo kutoka Rujewa, jirani na maboma ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Mzee wao, Masanja, alikuwa amekubaliana na Kapteni kwamba bendera nyekundu ikipanda, ng'ombe wote wavushwe ng'ambo ya mfereji. Bendera ilikuwa haijapanda bado pale dume lake moja lilipokuta ndege yetu imelazwa majanini, likalamba bawa zima la kushoto hadi kitambaa kikalegea kama shati la jana.

"Kapteni," Masanja alisema kwa upole mkubwa, "askari wako wamepiga wiki nzima hawajaangusha. Ng'ombe wangu kaangusha kwa ulimi. Mpe cheo."

Dume lile likaitwa Koplo hadi lilipozeeka. Nasi tukapaka vanishi pande zote mbili.

Ndege yenyewe tuliirusha kwa manati. Sifanyi mzaha: nguzo mbili, reli ya mbao iliyoinuliwa, na mipira ya ndani ya matairi iliyokatwa vipande virefu na kusukwa. Askari wanane waliivuta nyuma, ndege ikafungwa kwa kigingi, injini ikawashwa, na mtu mmoja akashika kamba ya kigingi. Kapteni, akiwa na kisanduku cha redio kifuani, alipopaza sauti "Achia!", mtu huyo alivuta. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kulikuwa na desturi moja zaidi, ambayo Mzee Kihwele aliileta mwenyewe bila kuombwa. Kila ndege mpya iliruka mara ya kwanza bila mizinga kupakiwa risasi, ili ijaribiwe. Katika mruko huo Mzee alitembea peke yake hadi hatua kama mia mbele ya manati, mahali ambapo ndege ingepinda kwa mara ya kwanza, akasimama chini yake. Kapteni alimkataza. Mzee akamwambia kwamba fundi asiyethubutu kusimama chini ya kazi yake asiipeleke kwa watoto wa wenzake. Wapigaji mizinga walipoona mzee yule amesimama pale, kofia mkononi, akiitazama ndege ikipita juu ya kichwa chake, waliiamini karakana yetu kuliko cheti chochote.

Sasa niwaeleze juu ya mianzi.

Mgongo wa bawa, yaani ule mti mmoja mrefu upitao ndani ya bawa kutoka shina hadi ncha na kubeba uzito wote, hatukuweza kuufanya kwa mbao za msonobari. Zilikuwa nzito, na zile nyembamba zilikatika. Ni Mzee aliyefikiria mianzi ya Kilolo, ambayo kuta zake ni nene na hupinda bila kuvunjika. Lakini mwanzi huo, kwa watu wa Iringa, kwanza kabisa si mti. Ni kinywaji. Mvua zikianza, wenyewe hukata ncha za machipukizi asubuhi na jioni, wakafunga mbeta, yaani vikopo vya mwanzi, chini yake, na utomvu mtamu hudondoka ukawa ulanzi. Wakati huo kichaka kizima kimejaa sukari, machipukizi na miti iliyokomaa vilevile. Ndiyo maana Mzee alikuwa na sheria isiyo na ubaguzi: mwanzi wa masika ni wa kunywa, mwanzi wa kiangazi ndio wa kujengea. Ukikata mwanzi wenye sukari, bungua atakufuata ndani yake. Ni mdudu mdogo kuliko chembe ya mchele, huingia kwa tundu lisiloonekana, akaula mti kutoka moyoni huku ngozi ikibaki inang'aa.

Ili kumkamata, Mzee alitandika kaniki chini ya vichanja vya mianzi. Bungua akila, huangusha unga mweupe laini. Juu ya sakafu ya saruji hauonekani, lakini juu ya nguo nyeusi huonekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Kazi ya kuitazama kaniki kila asubuhi ilikuwa yangu.

Vita vilipoanza, Kapteni alikuja na uso ambao sikuwa nimeuona. Vijana wake wangeondoka kwenda mstari wa mbele baada ya wiki chache. Alitaka ndege sita. Mianzi ya kiangazi tuliyokuwa nayo ilitosha moja tu. Mzee akanituma Kilolo kutafuta mianzi iliyokatwa kiangazi, ile ambayo watu huihifadhi juu ya moshi jikoni kwa ajili ya kuezekea. "Ukikosa, rudi mikono mitupu," aliniambia. "Tutafanya moja, tuiombee."

Nilizunguka siku mbili katika mvua. Kila jiko nililoingia lilikuwa limekwisha kutumia akiba yake. Siku ya tatu nilifika kwa Bibi Kristina, mjane mwenye kichaka kikubwa bondeni.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mwanangu. Umelowa kama kuku. Kaa unywe."

Nilimweleza shida yangu. Alinitazama, kisha akatazama mbeta zake zilizokuwa zikijaa taratibu.

"Saa hizi ukikata, unakata pombe, hukati mti. Hata mtoto mdogo anajua hilo."

"Bibi, ni kazi ya vita. Vijana wanaondoka."

 Yeye naye alikuwa na mtoto wa dada yake jeshini. "Basi kata miti ile mikubwa ya nyuma. Lakini fundi wako mwambie umeikata lini. Unanisikia? Mwambie."

Nilimwahidi. Niliikata miti ile, nikaifuta vizuri, nikaikausha kwa moto wa taratibu njiani kwa rafiki yangu mwenye tanuri la matofali, hata ikapata rangi ya mianzi ya zamani. Nilipoishusha karakanani, Kapteni alikuwa amesimama mlangoni akiwa na askari wawili, na sura yake ilipoiona mianzi ile ilichangamka kama ya mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. "Padri umetuokoa," alisema, akanishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga!"

Mzee Kihwele aliuinua mmoja. "Wa lini?" aliuliza.

Vijana wangu, niliwahi kufundishwa aina zote za uongo kwa majina yake ya Kilatini na ngazi zake za uzito. Elimu hiyo yote haikunisaidia kwa muda wa pumzi moja.

"Wa kiangazi, Mzee."

Aliugonga mara tatu. Alikawia kuliko kawaida yake. Kisha akanitazama mimi, si mwanzi, akasema, "Ndiyo." Nilielewa baadaye kwamba kifundo kilikuwa kimesema hapana, naye akachagua kuniamini mimi.

Unga ulianza kuonekana kabla mabawa hayajafunikwa. Asubuhi ya kwanza palikuwa na kirundo kimoja, nikajiambia ni vumbi la msumeno. Asubuhi ya pili vilikuwa vitatu, vimesimama kama vichuguu vidogo. Nilikung'uta kaniki nje ya dirisha, nikaitandika tena. Nikawa nafika kazini kabla ya wote. Vitundu nilivyoviona niliviziba kwa nta ya nyuki, nikavisugua hata visionekane. Wenzangu wakanisifu kwa bidii. Naandika haya bila kupunguza neno, kwa sababu nataka mjue kwamba kosa kubwa la kazi halifanywi kwa siku moja. Lina asubuhi nyingi, na kila asubuhi mlango wa kusema ulikuwa wazi.

Usangu, siku ya kwanza, tulirusha ndege yenye mgongo wa mianzi ya zamani. Mzee alisimama chini yake, ikapita salama. Kisha mizinga ikapakiwa, na vijana wakaipiga alasiri nzima hadi wakaiangusha, wakarukaruka kama watoto. Siku ya pili tukaiweka relini ndege ya mianzi yangu.

Nilishika kamba. Mzee Kihwele akavua kofia, akaanza kutembea kuelekea mahali pake. Nilimhesabia hatua. Alipofika thelathini nilifungua kinywa. Alipofika sitini niliwaza kwamba labda bungua hawakufika katikati ya mti, kwamba nta imeshika, kwamba mruko ni wa dakika chache tu. Alifika, akageuka, akatuinulia mkono wa kulia kuashiria yuko tayari.

"Achia!" alisema Kapteni.

Nilivuta.

Ilipanda vizuri. Nitasema hivyo kwa haki: ilipanda vizuri mno. Ilipofika pale na Kapteni akaipindisha, bawa la kulia lilijikunja juu kama mtu anayefunga kitabu. Hapakuwa na mlio mkubwa. Mzee aliiona, akakimbia upande mmoja, lakini injini ilichomoka na kuja upande huohuo. Alijikinga kwa mkono.

Tulipomfikia alikuwa ameketi majanini, uso mtulivu, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimepondwa pamoja na kifundo. Mganga wa kikosi akaanza kuufunga. Masanja alikuwa amevuka mfereji mbio, akavua shuka lake, akamtandikia Mzee mgongoni.

Kapteni alisimama juu ya mabaki, akifoka. "Nani amejenga bawa hili? Nani alilikagua?"

"Karakana ni yangu, Afande," alisema Mzee. "Niandike mimi."

Kisha akaomba aletewe kipande cha mgongo wa bawa. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakigonga juu ya jiwe. Kikapasuka kama ganda la yai, na unga ukamwagika, mweupe, laini, ukajaa juu ya suruali yake nyeusi ya kazi. Askari walisogea kutazama. Mzee hakuutazama unga ule. Alinitazama mimi, na kwa sauti ileile ya siku ile ya mlangoni akaniuliza:

"Wa lini?"

Nilijua angeweza kulibeba kosa hilo. Nilijua angelibeba, na kwamba ndege nne zilizobaki zilikuwa na mianzi ileile, na kwamba ni mimi peke yangu niliyejua.

"Wa masika, Mzee. Niliukata wote kwa mkono wangu. Unga niliuona, nikaukung'uta."

 Kapteni alinisogelea, nikadhani atanipiga, nami ningeshukuru. Akasema kwa sauti ndogo, "Padri, vijana wangu wanaondoka Jumatatu. Wamepiga ndege moja." Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya gari, kisanduku cha redio bado kifuani.

Ndege zile nne tulizifumua siku hiyohiyo. Kila mgongo ulikuwa na unga. Vijana waliondoka walivyopangiwa, Kapteni akiwa nao. Kapteni alirudi, wengine hawakurudi. Kama alasiri tatu zaidi za mazoezi zingembakiza hai hata mmoja wao, sijui, na hakuna mtu wa kumwuliza.

Mzee hakunifukuza. Adhabu yake ilikuwa nyingine. Alipotoka hospitali, mkono umekauka kama tawi, aliniita kwenye kichanja cha mbao. "Huu wangu haugongi tena," alisema. "Lete wako." Akakishika kidole changu cha kati, akakigonga kwenye mti kwa nguvu aliyoitaka yeye, akafumba macho, akasikiliza. Kila asubuhi, hadi alipostaafu, mimi nilikuwa kifundo, yeye sikio. Polepole nikaanza kusikia alichokisikia: sauti ya mti mzima hurudi kwa aliyegonga, sauti ya mti ulioliwa hubaki ndani. Zaidi ya hapo siwezi kufundisha kwa kalamu.

Kiangazi kilichofuata ajali ile kilipofika na vilima vya Kilolo vikawa na rangi ya kahawia, Kapteni aliagiza tena. Mzee akanituma palepale. Bibi Kristina alikuwa amekaa nje akisafisha mbeta zilizokwisha kazi kwa msimu ule. Sikungoja aniulize nimekuja kufanya nini. Yeye naye hakuuliza hilo.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Bibi."

"Ulimwambia lini?"

Nikamwambia lini. Alimalizia mbeta aliyoishika, akaiinamisha ili maji yatoke, akaiweka juani pamoja na nyingine. Kisha akaingia ndani, akatoka na panga, akanipa mpini ukiwa upande wangu.

"Sasa umekauka," alisema. "Kata."